Mwalimu Anajibu: Alama Zimegoma Kupanda

Barua za safari hii karibu zote ni za wanaojiandaa kuomba vyuo vya Marekani, na kadhaa zinahusu SAT, mtihani wa kuombea vyuo hivyo ambao alama zake za juu kabisa ni 1600. Nimezifupisha zilizokuwa ndefu na majina nimeyaondoa. Aliyeuliza kama ni kweli vyuo vikubwa vinawapendelea wanaopiga fidla, jibu ni hapana, na fidla uliyokwisha kununua jifunze tu kwa raha yako.

Shikamoo Mwalimu. Nimefanya mitihani yote ya mazoezi ya SAT iliyomo kwenye programu ya Bluebook, na mingine nimeirudia. Mara ya kwanza nilipata 1180. Tangu hapo nazunguka palepale: 1170, 1200, 1190. Baba anataka kunitafutia mwalimu wa tuisheni. Mimi naona ninachohitaji ni mitihani mingine zaidi. Nani ana haki? Nimekuambatanishia kurasa za daftari langu la makosa. — Alama Zimegoma

Marahaba, mwanangu. Baba yako ameukaribia ukweli zaidi kidogo kuliko wewe, lakini naye hajaufikia. Mtihani wa mazoezi kazi yake ni kupima, na kupanda juu ya mizani kila asubuhi hakujampunguzia mtu kilo hata moja. Kazi yenyewe huanza mtihani ukishakwisha, na ndiyo hiyo unayoiruka kwa sababu inachosha na mwisho wake hakuna namba ya kumwonyesha mtu.

Nilifurahi kuona una daftari la makosa. Halafu nikalisoma. Kwenye safu ya "sababu", kila mstari umeandika ama "uzembe" ama "sikuelewa". Huko ni kujilaumu tu, sababu yenyewe haipo. Chukua swali hili, nimelitunga likafanana na yale uliyokosa: ikiwa 3x + 5 = 20, thamani ya 6x ni ngapi? Unaondoa 5, unapata 3x = 15. Unagawanya kwa 3, unapata x = 5. Unatupa macho kwenye machaguo, 5 hiyo hapo imekaa inakusubiri, unaibonyeza. Jibu ni 30.

Ukiandika "uzembe", utajiahidi kuwa makini kesho, na keshokutwa utakosa swali la namna ileile, maana hakuna zoezi la kuwa makini. Andika kilichotokea: "Nilitafuta x, swali lilitaka 6x." Sasa la kufanya linaonekana: kabla ya kukokotoa chochote, andika kwenye karatasi kile kinachotafutwa. Tena ukiliangalia vizuri, 6x ni mara mbili ya 3x. Ungefika kwenye 15, ukazidisha kwa 2, ukaondoka. Hiyo x hukuihitaji kabisa. Watunga mtihani huu wanapenda sana maswali yanayomlipa mtu aliyesoma mstari wa mwisho kwanza.

Upande wa Kiingereza nimehesabu maswali matano ya uakifishaji uliyokosa, na yote yanatokana na kanuni moja. Umeunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato peke yake. Sisi kwa Kiswahili tunaandika "Alifika, akaketi, akafungua kitabu" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza cha SAT hakikubali hilo: weka nukta, au nuktamkato, au mkato unaofuatwa na kiunganishi kama "and" au "but". Kanuni ya kujifunza kwa jioni moja imekula maswali matano, na mitihani uliyoirudia haikukuambia kitu kwa sababu hukuiuliza.

Jambo la tatu ni mwendo wako. SAT ya sasa, iliyohamia kwenye kompyuta mwaka 2023 kwa walio nje ya Marekani na 2024 kwa walio ndani, ina sehemu mbili, na kila sehemu ina moduli mbili, yaani vipande viwili vinavyofuatana. Kusoma na Kuandika ni maswali 54 kwa dakika 64. Hisabati ni maswali 44 kwa dakika 70. Ukifanya vizuri moduli ya kwanza unaletewa ya pili iliyo ngumu zaidi, na huko ndiko ziliko alama za juu. Ukiteleza unaletewa nyepesi, ambayo hata ukiipata yote haiwezi kukufikisha kileleni. Sasa wewe unaniandikia kwa fahari kwamba moduli ya kwanza ya Hisabati huimaliza zikiwa zimebaki dakika nane. Dakika hizo nane ndizo alama zako! Ndani ya moduli unaruhusiwa kurudi nyuma upendavyo, ikishafungwa, imefungwa.

Basi fanya hivi. Mtihani mzima mmoja kila baada ya wiki mbili, usizidishe. Siku zote za katikati ni za makosa: liandike swali upya, lifanye bila kutazama jibu, kisha tafuta mengine matatu au manne ya aina hiyo. Alama za mtihani uliourudia usizihesabu, majibu mengine umeyakumbuka tu. Na mwambie baba kwamba tovuti ya Khan Academy imekuwa ikitoa mafunzo ya SAT bila malipo tangu 2015, kwa kushirikiana na College Board, wenye mtihani wenyewe. Kama bado anataka kumlipa mtu, amlipe atakayekaa nawe juu ya daftari hilo. Wa kukurundikia mitihani mingine hana faida kwako.

Mwalimu, swali nisilolijua niliache wazi? Kaka yangu anasema ukibahatisha unakatwa. — Mwoga wa Kukatwa

Kaka yako amesimuliwa mtihani wa zamani. Adhabu ya robo alama kwa jibu baya iliondolewa mwaka 2016. Usiache kitu wazi. Kwenye Hisabati kama robo ya maswali hayana machaguo, unaandika jibu mwenyewe. Hata hapo andika kitu.

Mwalimu, salaam. Binti yangu amekataa kufanya SAT. Anasema siku hizi ni hiari na vyuo havijali tena. Ni kweli, au ananikwepa? — Mama Mwenye Mashaka

Salaam, mama. Nahisi yote mawili. Mwaka 2020, wakati wa korona, vyuo vingi viliacha kuudai mtihani kwa sababu vituo vya mitihani vilifungwa, na binti yako amebaki na habari za wakati huo. Tangu hapo vingine vimegeuka. MIT iliurudisha mwaka 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech wakatangaza kuurudisha, ingawa Yale ilisema itakubali pia matokeo ya AP au IB, mitihani ya masomo ya sekondari ya juu, badala yake. Kwa upande mwingine, vyuo vya University of California haviangalii alama za SAT kabisa katika kuchagua wanafunzi, hata mtu akiwa na 1600. Katikati kuna kundi kubwa ambalo kweli ni hiari.

Sasa, hiari maana yake nini kwa mwombaji? Chuo kinachopokea alama kwa hiari kwa kawaida hutangaza kiwango cha alama za nusu ya katikati ya wanafunzi wake wapya walioleta alama, yaani ukiacha robo ya chini na robo ya juu. Akifika humo au akapita, azitume. Akiwa chini, azikalie. Kufanya mtihani hakumlazimishi kutuma, na ndiyo maana mimi namshauri aufanye: bila mtihani anajifungia milango ambayo pengine miezi michache baadaye ataitamani. Orodha ya vyuo vya msichana wa umri huo hubadilika kila wiki.

Asichanganye SAT na mtihani wa kuthibitisha Kiingereza, yaani TOEFL au IELTS. Huo ni wa peke yake, na matokeo yake huchukuliwa kuwa hai kwa miaka miwili, kwa hiyo asiufanye mapema mno. Masharti ayasome kwenye tovuti ya kila chuo, kwa mwaka ule anaoombea. Asiyachukue kwa rafiki, wala kwa mwalimu wa magazetini.

Shikamoo Mwalimu. Maisha yangu hayana kisa. Wazazi wote wapo, sijawahi kuugua vibaya, sina medali. Shuleni kazi yangu ni kupanga tu ratiba ya mechi za madarasa. Insha ya Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, inataka hadi maneno 650, nitajaza nini? Rafiki yangu anasema nitunge msiba. Programu ya akili mnemba imeniandikia insha nzuri, nakuambatanishia uione. — Sina Kisa

Marahaba. La msiba tulimalize haraka: unapotuma maombi unathibitisha kwamba yaliyomo ni kweli na ni kazi yako, na chuo kinaweza kuifuta nafasi yako hata baada ya kukupokea. Usimuue bibi yako kwa ajili ya chuo.

Insha ya mashine nimeisoma yote. Ina "safari ya kujitambua", ina "changamoto zilizonijenga", ina "ndoto ya kuibadilisha dunia", na mtu hamna. Ningeweza kubandika jina la mwanafunzi yeyote juu yake na isingebadilika hata koma. Anayesoma maombi chuoni anazo nyingi kama hiyo mezani.

Lakini tazama ulivyoandika mwenyewe katika ile barua ndefu, kabla sijaifupisha. Timu ni saba. Kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili, kila raundi timu moja inapumzika. Zikacheza zote na zote, unapata mechi 21 katika raundi saba. Ukaipanga, ukaibandika. Kesho yake nahodha wa timu moja akaja na malalamiko kwamba wapinzani wao wakubwa wamewekewa mapumziko raundi moja tu kabla ya kukutana nao, kwa hiyo watakuja na miguu mipya. Ukamwambia haiwezekani, lazima mtu apumzike. Usiku ukashindwa kulala, ukaipanga upya, na ukagundua kwamba kila ukimwondolea mmoja unamwangukia mwingine. Mwishowe ukawaita manahodha wote saba wachague namba kwenye kofia, na yule mlalamikaji akaokota mahali palepale alipokuwa!

Mwanangu, na hiki unakiita kutokuwa na kisa? Anza na nahodha aliyesimama mbele yako na ratiba mkononi. Onyesha karatasi zenye mistari ya kufuta. Sema ulichokuwa unaamini kuhusu haki kabla ya usiku ule, na kilichokusumbua. Usimalize kwa kutuambia umejifunza uongozi. Msomaji atakuwa ameshaona. Kima cha chini ni maneno 250, hivyo hulazimiki kuzijaza 650 zote, ingawa kwa kisa hiki utazihitaji. Andika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili kama inakutoka vizuri zaidi, kisha iandike upya kwa Kiingereza chako mwenyewe, hata kama ni cha kawaida.

Orodha ya shughuli nayo ina nafasi kumi, na kila maelezo yana herufi 150 tu, nafasi za katikati zikihesabiwa. Umeandika: "Kiongozi mwenye bidii wa michezo, nilikuza moyo wa umoja na ushirikiano shuleni." Hapo sijui ulifanya nini. Weka hivi: "Nilipanga ratiba ya timu 7, mechi 21, nilisikiliza malalamiko ya manahodha, nilibandika matokeo kila Ijumaa." Ni fupi, inaingia, na kila neno linabeba kitu. Usijaze nafasi zote kumi kwa vilabu ulivyohudhuria mara moja kwa ajili ya picha.

Mwalimu, nataka kuomba chuo kimoja kwa mpango wa Early Decision kwa sababu nasikia nafasi zinakuwa nyingi. Ila nyumbani hatuwezi kulipa ada bila msaada. — Mwenye Haraka

Soma unachosaini. Early Decision inakufunga: unaomba chuo kimoja tu kwa mpango huo, mara nyingi siku ya mwisho ikiwa 1 Novemba, majibu yanakuja katikati ya Desemba, na ukikubaliwa unaondoa maombi yako kwingine kote. Njia ya kutoka iko pale tu msaada wa fedha unapokuwa hautoshi, na hapo unabaki huna ofa nyingine ya kulinganisha. Kwa familia inayohesabu kila senti, naona ni kamari mbaya, isipokuwa chuo kiwe kimetamka wazi kwamba kinagharamia mahitaji yote ya anayetoka nje. Pia uliza kama uwezo wa kulipa unaangaliwa wakati wa kuchagua. Vyuo visivyouangalia kwa wanafunzi wa kigeni ni vichache, miongoni mwao Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst.

Early Action ni mwenzake asiyefunga: unaomba mapema, unajibiwa mapema, na kwa kawaida una hadi 1 Mei kuamua. Baadhi ya vyuo huweka vizuizi juu yake, kwa hiyo soma maandishi madogo.

Mwalimu wangu wa fizikia amekubali kuniandikia barua ya mapendekezo, lakini anasema niiandike mwenyewe yeye atie saini tu. Nifanyeje? — Njia Panda

Usiiandike. Barua hiyo mwalimu huituma mwenyewe kwa njia yake, nawe utaulizwa kama unaacha haki yako ya kuisoma. Iache haki hiyo, ili wasomaji waiamini barua. Najua kwa nini anasema hivyo: ana madaftari ya kusahihisha mpaka kichwani. Mpunguzie mzigo. Mpelekee ukurasa mmoja wa kumkumbusha: jaribio ulilofeli na ulivyorudi kumwuliza, swali lililozua ubishi darasani, kifaa cha maabara mlichokitengeneza pamoja. Mpe mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho, na wiki moja kabla mkumbushe kwa adabu. Akishikilia msimamo wake, mshukuru, nenda kwa mwalimu mwingine anayekufahamu vizuri, hata kama kwenye somo lake hukuwa wa kwanza.