Walt Disney World bila gari: mabasi yanatosha, ila panga safari zako

Umeuliza kama ukodi gari huko Florida, ukiwa na watoto wadogo na bibi yao anayetumia kiti cha magurudumu. Ndugu yangu, kama mmefikia hoteli ya Disney yenyewe, achana na gari. Mabasi ni ya bure, na kwa Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za burudani za Disney, yanakufikisha karibu kuliko gari lako. Mwenye gari anaegesha ng'ambo ya ziwa, kisha avuke kwa kivuko au monoreli, ile treni ya reli moja. Basi la hoteli linakushusha jirani na geti. Tulikuwa na mama mkwe, na nguvu alizookoa asubuhi ndizo zilizomfikisha jioni.

Kiti cha bibi kisikutie wasiwasi. Dereva anashusha ubao wa mteremko, bibi anapanda kabla ya foleni, halafu dereva anainama kukifunga kiti sakafuni kwa mikanda, mmoja mmoja, na kuutikisa kila mmoja aone umeshika. Msimharakishe. Kigari cha mtoto nacho kikunjeni mapema, mifuko ikiwa imeshatolewa, maana basi likishafika watu wote wako nyuma yenu.

Panapochosha ni kutoka hoteli moja kwenda nyingine. Hakuna basi la moja kwa moja: unakwenda hadi kwenye bustani mojawapo au Disney Springs, eneo lao la maduka na migahawa, unashuka, unasubiri la hoteli unayoiendea. Mkiwa na chakula cha jioni hoteli nyingine, tengeni saa moja na nusu au mwite teksi. Mimi ningeita teksi.

Bustani ya Animal Kingdom ni basi tu, hakuna boti wala monoreli. Kwa bustani za EPCOT na Hollywood Studios kuna Skyliner, vile vichumba vinavyopita juu kwenye waya tangu 2019. Ukipata chumba kwenye hoteli ya Pop Century au Caribbean Beach utavifurahia, na kituoni wanakisimamisha kabisa kichumba kimoja pembeni ili kiti cha magurudumu kiingie.

Wageni wa hoteli za Disney wanaingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, kwa hiyo wahini kituoni. Usiku, fataki zikiisha, umati wote unamiminika kwenye mabasi. Mkiwa na bibi, tokeni kabla.

Kitu kimoja tu kitakugharimu: basi la bure la uwanja wa ndege lilisitishwa mwanzoni mwa 2022. Usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wa Orlando hadi hotelini weka oda kabla hujapanda ndege, na uwaambie kuna kiti cha magurudumu.