Maswali yenu juu ya Yule Mama asiyeongea

Haya, safari iliyopita niliwatajia hapa Sigil, ule mji wa kwenye gemu ya kuigiza ya Dungeons & Dragons tunayocheza Jumamosi hapa Nakuru, nikasema unatawaliwa na mwanamke ambaye hajawahi kutamka hata neno moja, nikaenda zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Simu imejaa maswali, mengine ya watu ambao hawajashika dadu tangu waache kucheza ludo. Nimechagua machache. Na wewe uliyeuliza kama wachezaji wanalipwa, hapana ndugu yangu, kila mtu anajinunulia chai.

Omera, huo mji uko wapi hasa? Niko Kondele na nimesoma mara mbili sijashika kitu.

Chukua tairi la matatu ulilaze chini vile fundi wa pancha hulilaza kando ya barabara. Sasa jenga nyumba huko ndani ya tairi, pale hewa hukaa, kuzunguka kote mpaka urudi ulipoanzia. Ukiinua macho hakuna mbingu, unaona mapaa ya watu wa upande wa pili yananing'inia juu ya kichwa chako ndani ya moshi, na wao wakiinua macho wanaona lako. Hilo tairi linaelea juu ya ncha ya mlima mwembamba kama sindano, mlima uko katikati kabisa ya nchi za miungu na mashetani na kila kitu, na urefu wake hauna mwisho. Najua unataka kuuliza nini, kama hauna mwisho hiyo ncha imetoka wapi. Hata wenyeji wa Sigil hulicheka swali hilo.

Kuingia ni kwa mlango tu, na mlango ni kitu chochote chenye fremu, dirisha, tao la daraja, hata mdomo wa pipa, bora uwe na ufunguo wake, na huo ufunguo si lazima uwe wa chuma, unaweza kuwa msumari wenye kutu au wimbo unaoupiga mluzi au wazo tu liko kichwani mwako. Kwenye meza yetu kuna mhusika aliyetoka jikoni na mwiko mkononi, akapita mlango aliokuwa ameupita miaka yote, akajikuta jangwani. Mwiko ndio ulikuwa ufunguo. Sasa anayefungua na kufunga hiyo milango yote ni mtu mmoja, ndio maana wenyeji wanauita mji wao Kizimba.

Kwa Kiswahili mnamwitaje? (Njoro)

Jina lake ni Lady of Pain. Tulianza na "Bibi wa Maumivu", lakini unajua huku kwetu bibi ni mke wa mtu, kwa hivyo jamaa mmoja akauliza, na huyo Maumivu mwenyewe yuko kazi gani? Usiku ule hakuna aliyeogopa tena. "Malkia" nayo haiingii, maana hana ikulu, hana kiti cha enzi, haitishi baraza. Tumebaki na "Yule Mama", na tunalisema kwa sauti ya chini, inatosha.

Ni "Sijil" ama "Sigil"?

G ya gunia.

Kama haongei na hagusi mtu, anaua vipi? Nauliza kutoka Ahero.

Wewe wa Ahero ndio ungenieleza mimi. Si nyinyi watu wa Kano ndio mna Luanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo? Mwili wa jiwe, mikuki ya Walang'o, maadui zake, inadunda tu inaanguka, mpaka wakamwoza binti yao akaenda akagundua siri, kwamba uhai wa mume wake uko kwenye kivuli. Wakachoma kivuli kwa mkuki, shujaa akaanguka, akawa jiwe.

Huyu Mama ni Magere aliyegeuzwa ndani nje. Anapita barabarani akielea, miguu haikanyagi chini, uso umetulia kama kinyago, kichwa kimezungukwa na visu vya kila namna. Hasemi, hakimbii, hakutazami. Kivuli chake kikikuangukia ngozi inafunguka yenyewe, mara moja, kama umepitishwa kwenye mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Kwa Magere kivuli ndicho kilikuwa mahali pa kumpata, kwa huyu ndicho panga lenyewe.

Na kuua si lazima. Adhabu yake nyingine ni mzingile: uko zako kwenye uchochoro unaoujua, unapinda kona, unapinda nyingine, unagundua uchochoro hauishi na hakuna mtu mwingine ndani yake. Amekukatia kadunia kadogo kako peke yako. Kila mzingile una mlango mmoja wa kutokea, hiyo ni lazima, ila kuupata ndio shughuli, kuna wanaozeekea humo. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa sana, Menengai iko hapo juu ya mji, shimo la kilomita 12 hivi kwa 8, na kila familia ina hadithi ya mtu aliyeingia kuchunga mbuzi akazunguka siku nzima kwenye vichaka anavyovijua tangu utoto, akitokea mahali pale pale. Mimi hadithi hizo nilikuwa nazipuuza mpaka nilipotembea huko chini na ukungu ukashuka. Sikupotea, lakini nilitembea haraka kuliko mtu ambaye hajapotea.

Mulembe. Mimi ni mzazi, niko Kakamega. Kijana wangu wa miaka 16 amechora huyo mwanamke wa visu kwenye daftari ya Kemia. Kanisani wameniambia ni kuabudu mapepo. Nifanye nini?

Mulembe muno mama, na pole kwa wasiwasi. Kwanza daftari ya Kemia si mahali pa kuchora, hapo niko upande wako. Lakini kuhusu kuabudu, hadithi yenyewe imekataa. Ndani ya Sigil kosa kubwa kabisa, kuliko hata wizi na mauaji, ni kumwabudu huyo Mama. Ukipiga magoti, ukajenga kibanda cha kumwombea, kivuli kinakufuata. Hataki maombi wala sadaka wala sifa. Na miungu mingine yote imefungiwa nje, hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuvuka mlango. Kulikuwa na mmoja, Aoskar, mungu wa milango, aliyepata wafuasi wengi humo mjini, mpaka mmoja wa watumishi wa Mama mwenyewe akahamia upande wake. Mama akamuua mungu mzima na hekalu likawa kifusi. Sasa kama kuna mapepo yanayotafuta wafuasi, mji huo ndio wangeuogopa.

Mwombe akusimulie hadithi yenyewe wakati mnachambua sukuma. Ukisikia kitu hukipendi, mwambie. Yeye atafurahi kwamba umeuliza, hata kama hataonyesha.

Serikali ya huko inaendeshwa na nani basi? Mtu asiyeongea anatoaje amri?

Hatoi. Yaani karibu hatoi. Kwa miaka mingi kazi ya mji ilikuwa mikononi mwa makundi 15, kila moja na falsafa yake ya ajabu. Harmonium ndio kanjo wa huko, wanashika watu, Guvners wanahukumu, Mercykillers wana jela. Takers wanakusanya kodi kwa sababu imani yao ni kwamba kitu ni cha yule anayeweza kukichukua, na naona hapo waandishi waliwahi kulipa ushuru wa soko mahali fulani. Dustmen wanaamini sisi sote tumekufa tayari, kwa hivyo wamepewa mochari. Mama anawaacha wabishane, wapigane mpaka ngumi, bora milango iko salama na mji uko.

Halafu mwaka 1998 waandishi wakatoa hadithi ambayo mkubwa wa Takers, Duke Rowan Darkwood, aliona kiti kiko wazi, mwenyewe hasemi kitu, mbona asikalie yeye. Vita vikazuka baina ya makundi. Mama hakutoa hotuba. Alituma watumishi na ujumbe mfupi, makundi yavunjike ama yatoke mjini, atakayebaki na kundi atakufa, na huyo Darkwood akaishia kwenye mzingile. Miaka na miaka ya siasa ikafagiliwa siku moja. Wapo wachezaji ambao hawajasamehe mpaka leo, walipenda yale makundi, na mimi ni mmoja wao kusema kweli, Sigil bila kanjo na mochari za falsafa imepungukiwa chumvi. Toleo jipya la 2023 limerudisha makundi, ingawa ni 12 sasa.

Hao watumishi ndio wale wenye pembe? Nao mabubu?

Dabus. Ngozi ya kimanjano, pembe, nywele nyeupe, nao pia wanaelea. Wanatengeneza barabara na kuta na kukata ule mtambaa wa wembe unaoota kila mahali, mmea ukiushika unaondoka na vidole. Wanazungumza kwa picha: zinatokea hewani juu ya kichwa, unazisoma kama kitendawili, sauti ya picha moja ukiunga na ya nyingine.

Kwa Kiswahili hii ni tamu kupita Kiingereza, jaribuni. Chora jua, lakini maana ni *jua*, fahamu. Chora meza, maana ni *meza*, pitisha kooni. Juzi niliwachorea wachezaji kijiti cha panda, ile ya manati, halafu mnyama paa. *Panda paa*, yaani kwea juu ya nyumba, mlango uko huko juu. Shida ni kwamba huku bara mnyama huyo wengi wetu tunamwita swara. Basi wakasoma "panda swara" na wakazunguka nusu saa kwenye mtaa wa maskini wa Sigil wakiuliza nani anakodisha swara wa kupanda. Sikuwasahihisha. Nilikula mandazi.

Kuna gemu yake ya simu? Sina marafiki wa kucheza nao.

Iko. Planescape: Torment, ilitoka 1999 kwa kompyuta, ikarekebishwa 2017 na sasa inaingia kwa simu. Unaamka mochari hukumbuki jina lako, na ukifa unaamka tena. Ina kusoma kwingi sana, tayarisha macho. Yule Mama ukimchokoza, kwa mfano ukianza kumwabudu, anaweza kukufunga kwenye mzingile, na ukizidi ukaidi anakuua kabisa, na hapo hata kutokufa kwako hakukusaidii. Kuhusu marafiki, njoo Nakuru Jumamosi, sheria za msingi za mchezo ziko bure mtandaoni na dadu tutakuazima.

Yeye ni nani hasa? Mungu? Jini? Na mimi ndiye ninayeendesha mchezo kwetu Bungoma, nikimleta mezani nimfanyeje?

Hakuna anayejua na wamefanya hivyo makusudi. Mji huu ulitolewa 1994 na kampuni ya TSR ya Marekani, aliyeubuni anaitwa David Cook, na sura ya Mama ilichorwa na Dana Knutson hata kabla mambo mengi hayajaandikwa, picha ilitangulia, hadithi ikafuata. Kila kiumbe kwenye mchezo huu kina namba zake, nguvu kiasi hiki, uhai kiasi hiki, mpaka miungu imewahi kuandikiwa namba. Yeye hakuandikiwa. Wachezaji wanajuana: kitu chenye namba kinaweza kuuawa, utakaa chini na penseli upige hesabu. Mashabiki wana utani wa zamani kwamba chini ya lile joho kuna kindi sita wakubwa wamepandiana mabegani, na mimi huupenda kuliko nadharia zote kwa sababu hakuna mtu anaweza kuukanusha.

Sasa mezani. Usirudie kosa langu. Mara ya kwanza nilimleta akaongea. Wachezaji walikuwa wamevunja mlango uliofungwa, nikakaza koo nikasema kwa sauti nzito, "Nani amefungua mlango huu?" Mmoja wetu anaendesha boda, mtu wa maneno. Akaomba msamaha, halafu akaeleza shida zake, halafu akaanza kuuliza faini ni ngapi na kama inaweza kupungua, na baada ya dakika kumi mtawala wa mji wa katikati ya dunia zote alikuwa anashikwa bei kama nyanya za Top Market. Ukishampa sauti, watu watajibizana naye.

Mara ya pili tulikuwa kwenye kihoteli cha Section 58, mvua inapiga mabati, na stima zikapotea. Wameshafungua tena mlango wasiotakiwa kufungua. Niliwasha tochi ya simu nikaisimamisha nyuma ya thamosi ya chai, kivuli cha thamosi kikapanda ukutani na mpini wake ukawa kama kisu. Sikusema kitu. Nikaanza kusogeza simu, polepole, kivuli kikatoka ukutani, kikashuka kwenye meza, kikapita juu ya ramani, juu ya karatasi zao, kikielekea upande wa yule wa boda. Alinyanyua kikombe chake. Akavuta kiwiko. Akasukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta, na macho hayajatoka kwenye ile meza.

Stima zikarudi. Akatazama mkono wake, akanitazama mimi.

"Imeniguza ama haijaniguza?"

Nikajimiminia chai.