Wanadhani nimelia, kumbe macho yanawaka

*Shangazi, nina rosasea, ule ugonjwa wa ngozi unaofanya uso uwe mwekundu, mwaka wa tatu sasa. Miezi minne hii macho ni mekundu, yanachoma kama yameingiwa mchanga, na nimeota chokea mara tatu. Kazini wananong'ona kwamba nalia au nakunywa pombe. Dada yangu amenipa matone yake ya steroidi. Natulia siku mbili, kisha yanarudi palepale. Nifanyeje?*

Mwanangu, hayo matone ya dada yako usiyaguse tena mpaka daktari wa macho akuone. Steroidi, dawa za kupoza uvimbe, huondoa wekundu upesi, ndiyo maana watu huzipenda, lakini zikitumika bila kupimwa zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Chokea tatu ndizo zilizonishtua. Rosasea haiishii mashavuni. Ukingoni mwa kope kuna vitezi vya mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke. Ugonjwa ukivifikia, mafuta huganda, vitezi huziba, chokea huota na jicho hubaki kavu. Uso unaweza kuwa umetulia huku macho yanateketea. Wengine huanzia machoni kabisa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa uso hauonekani kirahisi, kwa hiyo ukiingia tu kwa daktari mtajie rosasea. Wengi humwonyesha daktari wa ngozi uso, wa macho macho, na hakuna anayeunganisha.

Nyumbani, asubuhi na jioni, weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya kope ulizofumba, dakika 5 hadi 10. Kisha kanda taratibu kuelekea kwenye nywele za kope, ufute tongotongo. Tumia matone ya machozi bandia yasiyo na kihifadhi, na lensi za kuvaa machoni ziweke kando. Nafuu huja kwa wiki, si kwa siku, usikate tamaa. Daktari anaweza kukuongezea vidonge vya doksisaiklini, antibiotiki ambayo hapa kazi yake kubwa ni kupoza uvimbe. Kama una mimba, mwambie mapema.

Ila jicho likiuma sana, mwanga ukikuumiza, au ukiona ukungu, nenda siku hiyohiyo. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inaweza kupata kidonda kikaacha kovu.

Na hao wa kazini waambie: ni ugonjwa wa ngozi uliofika machoni, hauambukizi. Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo.