Kamera inayoyumba juani

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeitazama *Coup de torchon*, filamu ya uhalifu ya Bertrand Tavernier (1981). Nilitegemea vivuli na usiku wa mvua, nikakuta jua na vumbi. Halafu picha kama inaelea: si ya mkononi, si ya stendi. Walitumia nini? Gimbali yangu ya simu, kile kishikio chenye mota cha kutuliza picha, itaweza?

Jibu: Marahaba. Hiyo ni Steadicam, na mkuu wa picha alikuwa Pierre-William Glenn. Mpigaji huvaa kizibao kigumu chenye mkono wa springi; kamera hukaa juu ya mti wa chuma, betri na kioo cha kutazamia picha chini kuisawazisha. Springi humeza hatua za miguu. Kinachobaki ni kuyumba kidogo, kama ngalawa iliyotia nanga. Wengi hupambana na yumba hilo. Tavernier alilitaka.

Sababu iko katika riwaya iliyozaa filamu hii. *Pop. 1280* (yaani “Wakazi 1280”) ya Jim Thompson (1964) inasimuliwa na sherifu mwenyewe, wa mji mdogo kusini mwa Marekani. Anajifanya bwege, unacheka, ukija kushtuka maiti zimelala. (Wafaransa waliipa tafsiri yao jina *1275 âmes*, yaani “Roho 1275”. Watu 5 walipotelea njiani!) Tavernier na mwandishi mwenzake wa filamu, Jean Aurenche, walikihamishia kisa Afrika Magharibi ya wakoloni, mwaka 1938, wakapigia picha Senegal, na ile sauti ya msimulizi wakaiondoa. Basi nani atuonye kwamba Cordier, polisi mzembe anayechezwa na Philippe Noiret, si wa kumwamini? Ardhi yenyewe, inayokataa kutulia.

Rudia mwanzo. Cordier yuko chini ya mti, anawatazama watoto wenye njaa. Jua linapatwa, baridi inashuka, naye anakwenda kuwawashia moto. Utu mtupu! Ndiye huyo huyo atakayeua, na usoni habadiliki.

Gimbali yako ina tatizo moja: mota zake hulazimisha mstari wa upeo wa macho ulale sawa muda wote. Programu yake ikikuruhusu, legeza mhimili unaozuia picha kuinama ubavuni. Tumia lenzi pana, mistari ya kuta ionekane ikicheza. Tembea magoti yamekunjika, na mwigizaji akisimama, wewe usisimame naye. Mpite nusu hatua, kisha urudi taratibu. Taa acha nyumbani, upige saa saba mchana.