Umelala, hujamwasi Mungu

*Shangazi, shikamoo. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, na mimi ndiye ninayemuuguza hapa Mbeya. Kaka zangu wako Dar es Salaam, hutuma pesa. Usiku namgeuza mama, mchana niko dukani, Ijumaa niko kwenye mkesha. Juzi nilisinzia katikati ya maombi, kiongozi mmoja akasema mbele za watu kwamba moto wangu umezimika. Tangu hapo kila nikilala najiona nimemwasi Mungu. Nifanyeje? – Mchovu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa neno lile. Limeniuma hata mimi.

Fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli, moto wa Mungu umeshuka watu wote wakiona. Malkia Yezebeli anaapa kumuua, naye anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, na kuomba afe. Kisha usingizi unamchukua. Malaika anamgusa: inuka, ule. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena, na malaika hamkemei. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja baadaye sana, huko mlima Horebu, nabii akiwa ameshakula na kulala. Kiongozi wako alianza na lawama.

Mikesha siibezi hata kidogo. Wengi wetu tumeombewa usiku na mama zetu tukavuka. Lakini wewe uko kwenye mkesha kila siku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda, maana yake hujapata usingizi mzima tangu mwaka jana. Kumgeuza mama yako saa nane za usiku ni ibada, na Mungu anaiona.

Sasa kaka zako. Wanatuma pesa, Mungu awabariki, ila pesa haimgeuzi mama. Wapigie wote, uwaambie wazi kwamba umechoka na unataka mmoja wao aje akae naye wiki nzima, au wamlipe mtu wa kulala naye siku kadhaa kwa wiki. Usizunguke. Nao kina mama wa jumuiya, usiwaambie "mniombee" ukaishia hapo. Taja siku: mama fulani, naomba Jumatano uje ulale na mama. Wengi husubiri tu kuambiwa.

Kiongozi huyo mkaribishe nyumbani jioni moja, amwone mgonjwa. Akiendelea kukusema, nenda kwa mchungaji.

Jambo moja usilifiche. Ukipata nafasi ya kulala na usingizi ukakataa, chakula kikakosa ladha, au ukaanza kutamani kufa kama Eliya, nenda hospitali umweleze daktari yote, bila kungoja. Dawa haigombani na maombi.

Ijumaa hii usiende kwenye mkesha. Wajulishe mapema wasije wakakutafuta. Mtafute mtu wa kukaa na mama, nawe ukalale chumba kingine, simu umemwachia yeye. Kisha niandikie, uniambie kaka zako wamejibu nini.

Shangazi