Kufaulu mtihani wa CISA si kupata cheti

Ndugu, umeuliza kama ukifaulu mtihani wa CISA, cheti cha wakaguzi wa mifumo ya habari, unaweza kuandika herufi hizo baada ya jina lako. Hapana, kufaulu mtihani peke yake hakukupi haki hiyo, ingawa unaruhusiwa kuufanya hata kama bado huna uzoefu. ISACA, chama kinachotoa cheti hicho, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969, hudai uzoefu wa miaka 5 katika ukaguzi, udhibiti au usalama wa mifumo ya habari, uliopatikana ndani ya miaka 10 kabla ya maombi, na elimu ya chuo inaweza kufidia sehemu ya miaka hiyo, isizidi 3. Ukifaulu, yaani ukipata alama 450 au zaidi katika kipimo cha 200 hadi 800, una miaka 5 ya kuwasilisha maombi yaliyothibitishwa na msimamizi wako.

Nayajua haya kwa kuwa nilipitia njia hiyo nikiwa mkaguzi wa ndani hapa Kigoma, na kazi iliyohesabiwa ilikuwa ya kawaida kabisa: kulinganisha orodha ya watumiaji wa mfumo wa malipo na daftari la watumishi, mstari kwa mstari, hadi nikakuta akaunti ya mtu aliyekwisha kustaafu ikiwa bado na idhini ya kulipa. Kazi ya namna hiyo iandikie tarehe na jina la msimamizi tangu leo, maana msimamizi akihamishwa, kumtafuta baada ya miaka 4 ni taabu kubwa.

Cheti nacho hudumishwa kwa saa 120 za mafunzo katika kila miaka 3, zisizopungua 20 kwa mwaka.