Fundi Anajibu: Chuma Hiki ni cha Gari Gani?

Fundi, salamu. Marehemu baba alituachia banda limejaa masanduku ya vyuma. Kimoja ni kirefu na kizito, kina vyumba vinne vya mviringo upande mmoja, na kimeandikwa C60E-6049-M. Fundi wa hapa anasema ni hedi, yaani kile kifuniko cha juu ya silinda za injini, ya Range Rover ya zamani. Mnunuzi wa skrepa ameshataja bei ya kilo. Nimwuzie?
*Msomaji, Tororo*

Usiuze ndugu yangu, hata kama mizani imeshafika mlangoni. Mwaka niliofungua gereji yangu Katwe nilisafiri siku moja tu kwenda Jinja. Niliporudi nikakuta kijana wangu ameuza kwa kilo manifoldi (yale mabomba yanayofungwa kwenye hedi) ya Mustang, gari la Ford, niliyoitunza miaka mitatu nikisubiri mwenzake. Nilimfuata mnunuzi jioni ileile, lakini lori lilikuwa limeshaondoka. Mpaka leo inaniuma.

Anza na sumaku, hata ile ya spika mbovu. V8 (injini ya silinda nane, nne kila upande) ya Range Rover za zamani ni ya alumini, bloku (mwili wa injini) na hedi zote, kwa hiyo sumaku haigandi. Yako itaganda, kwani hiyo nambari ni ya Ford. Na pale ulipoandika sifuri, soma herufi O. Kwa Ford ya miaka hiyo, kundi la kwanza hufuata utaratibu mmoja: herufi, tarakimu, herufi, herufi. C ni miaka ya 1960 (B ni ya 1950, D ni ya 1970) na 6 ni mwaka wenyewe, basi 1966. O ni Fairlane, gari jingine la Ford. E ni kitengo cha injini. Nambari ya katikati ndiyo jina la spea: 6049 ni hedi ya silinda, kama ambavyo 9510 ni kabureta na 12127 ni distribyuta. Hiyo M ya mwisho inaonyesha toleo la muundo. Umeshika hedi ya V8 ya inchi za ujazo 289.

Lakini usiende kumwambia mtu kwamba baba alikuwa na Fairlane. Herufi ile inasema hedi ilichorwa kwanza kwa ajili ya gari gani, haisemi ilifungwa wapi. Injini ya 289 iliwekwa kwenye Mustang pia. Sasa tafuta tarehe ya kumiminwa, upande wa juu, mahali panapofunikwa na kifuniko cha valvu. Ukikuta 6B14, hiyo ni tarehe 14 Februari 1966. Miezi inaanzia A kwa Januari, ila herufi I inarukwa, kwa hiyo Septemba ni J.

Kutu usiiguse kwa grainda wala tindo, utafuta maandishi. Loweka chuma kwenye mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa brashi ya waya, kikauke. Kisha laza chaki ya shule kwa ubavu wake na uipitishe juu polepole. Herufi zilizoinuka zitashika weupe, mashimo yabaki meusi. Zikikataa, ngoja giza liingie, uweke tochi ya simu karibu kabisa na chuma, imulike kutoka pembeni. Vivuli vitakusomea. Mimi nimesoma hivyo vyuma ambavyo mchana vilikuwa kama jiwe la mtoni.

Na uyapekue yale masanduku mpaka chini. V8 ina hedi mbili.

Fundi, natengeneza Chevelle (gari la Chevrolet) ya 1967 ya mjomba, injini ya inchi za ujazo 327. Kwenye ndoo ya nati nimekuta kipande cha chuma chenye kilango ndani, springi iliyozungushwa kama konokono na kijiuzito pembeni. Kitabu kinasema kinakaa kwenye eksozi, upande wa abiria. Nimekifunga kushoto, lakini bomba halikutani nacho.
*Msomaji, Arua*

Kitabu kimeandikwa Marekani, ambako dereva hukaa kushoto. Abiria wao yuko kulia, na kwetu kulia ndiko kuliko na usukani. Kwenye magari haya sahau dereva na abiria: keti ndani ukitazama mbele, useme kulia au kushoto. Kihamishie kulia.

Kazi yake ni ya nchi za baridi. Injini ikiwa baridi, springi hufunga kilango, na moshi wa moto hulazimishwa kupita chini ya kabureta ili petroli igeuke mvuke vizuri. Springi ikipata joto hulegea na moshi hutoka moja kwa moja. Kwa joto la Arua kazi hiyo ni ndogo, ila kilango kikiganda kimefungwa kitakutesa: gari halina nguvu, upande mmoja unachemka. Kabla ya kufunga, sukuma kile kijiuzito kwa kidole. Kiende na kurudi chenyewe. Kikikwama, tia unga wa grafiti, si oili, maana oili huungua ikawa masizi na kukikwamisha zaidi.

Spana ya 13 inacheza kwenye bolti za Mustang, ya 12 haiingii. Bolti zina mistari mitatu kichwani. Je, nitumie bolti za Toyota za milimita nane?
*Msomaji, Kisekka*

Hapana! Hizo ni za inchi. Kichwa ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na mistari mitatu ni daraja la 5 la ugumu. Ukiona sita, ni daraja la 8. Bolti yenyewe ni 5/16 ya inchi, unene wake karibu sawa na ya nane, ndiyo maana inadanganya: ya nane inaingia mizunguko miwili, inakaza, ukilazimisha inakata nyuzi ndani ya bloku. Nyuzi za 5/16 ya kawaida ni 18 kwa inchi, za nane ni kama 20. Peleka bolti ya zamani dukani, uilaze ubavuni mwa mpya, uinue kwenye mwanga. Meno yakiacha upenyo, irudishe.